Jinsi ya Kuchagua Nyimbo za Ibada: Mwongozo kwa Walimu wa Kwaya na Kamati za Ibada

Katika sharika nyingi za Moshi na vijiji vya mlimani, nyimbo za ibada ya Jumapili huchaguliwa Jumamosi jioni, au vibaya zaidi huchaguliwa sakristia dakika chache kabla ya kengele ya mwisho, mwinjilisti akiwa ameshika kitabu mkononi na mpiga kinanda akisubiri kutajiwa namba. Ibada itaendelea na watu wataimba, lakini nyimbo zinazopatikana kwa njia hiyo ni zile zile chache ambazo mchaguaji anazikumbuka kwa kichwa, nazo huimbwa bila kujali kama siku hiyo ni Majilio, Kwaresma au Pentekoste. Mwongozo huu ni kwa yule aliyekabidhiwa kazi hiyo, awe mwalimu wa kwaya, mwinjilisti, au mjumbe wa kamati ya ibada na muziki. Mimi ni Mlutheri, kwa hiyo mifano mingi itatoka Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), lakini nitagusa pia utaratibu wa Wakatoliki pale unapotofautiana na wetu, kwa sababu hapa mjini walimu wa kwaya huazimana nyimbo, na wakati mwingine huazimana hata wapiga kinanda.

Jambo moja linatangulia mengine yote: kwaya ya kwanza ya ibada ni waumini waliokaa kwenye mabenchi. Kwaya yenye sare na maikrofoni ipo kuwasaidia hao waimbe, na pale inapoimba peke yake inaimba kwa niaba yao. Mchaguaji akilishika hilo, maswali mengi yanayozua ugomvi katika vikao vya kamati hupata majibu bila kelele.

Masomo kwanza

Usifungue kitabu cha nyimbo kabla ya kusoma masomo ya siku. Kalenda ya kanisa hutaja masomo ya kila Jumapili, na kwa Wakatoliki masomo ya Dominika huzunguka kwa miaka mitatu, mwaka A, B na C, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu yeyote kushtukizwa na Jumapili. Soma masomo yote, kisha muulize mchungaji au padre atahubiri kutoka somo lipi na analenga nini. Simu ya dakika tatu siku ya Jumatatu inatosha. Wahubiri wengine hawapendi kuulizwa mapema kwa sababu wenyewe hawajaamua, na hao uwaulize hivyo hivyo, kwa heshima, kila wiki, mpaka wazoee.

Kosa linalofanyika sana katika hatua hii ni kutafuta neno badala ya kutafuta wazo. Chukua Jumapili ambayo Injili ni Luka 15, kondoo aliyepotea na mwana mpotevu. Mchaguaji mwenye haraka hukimbilia nyimbo zote zenye neno kondoo au mchungaji, na waumini wanajikuta wameimba jambo lile lile mara tano kabla mhubiri hajapanda mimbarani. Tulia kidogo uone mwendo wa habari yenyewe: kuna kupotea, kuna kutafutwa, kuna kurudi, kuna karamu, na kuna kaka mkubwa aliyekasirika akabaki nje. Wimbo wa kuingia hauhitaji kugusa lolote kati ya hayo, na unaweza kuwa wa sifa tu, watu wakusanyike na kuelewa wamekuja mbele za nani. Kupotea kutapata nafasi yake kwenye wimbo wa toba, ambapo mtu anasema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba ameiacha nyumba ya Baba. Baada ya hubiri uwekwe wimbo wa furaha ya aliyepatikana, na huo uwe ndio wimbo mkubwa wa siku hiyo, wenye kiitikio ambacho kila mtu anakijua. Wimbo wa kutoka uwapeleke watu wakamtafute yule ambaye bado yuko mbali. Kwa mpangilio huo habari imeimbwa kwa hatua zake, na kondoo ametajwa mara moja tu.

Majira ya mwaka wa kanisa nayo yana amri zake. Katika Kwaresima, Wakatoliki hawaimbi Aleluya, na wimbo wa Utukufu huachwa isipokuwa katika sherehe na sikukuu, na kinanda hutakiwa kusindikiza uimbaji tu, bila kupigwa peke yake, isipokuwa Dominika ya nne na siku za sherehe na sikukuu. Kwa upande wetu Walutheri uzito wa majira hayo unajulikana, ila unasahaulika upesi kwaya ya vijana inapokuwa na wimbo mpya wa kuruka ambao imeufanyia mazoezi tangu Januari. Wimbo huo usubiri Pasaka. Kuimba sifa za ufufuo katika juma la tatu la Kwaresma kunaifanya Pasaka yenyewe ifike imeshachuja.

Kila wimbo na kazi yake

Wimbo mzuri uliowekwa mahali pasipo pake huharibu ibada kuliko wimbo wa kawaida uliowekwa mahali pake. Kabla ya kuandika namba yoyote, chora utaratibu wa ibada kwenye karatasi, kisha kila nafasi ya wimbo uiulize swali moja: wakati wimbo huu unaimbwa, watu wanafanya nini?

Wakati wa kuingia, watu wamesimama, wengine bado wanatafuta nafasi, watoto wanapelekwa kwenye mafundisho ya Jumapili. Hapo wimbo uwe unaofahamika sana, wenye mwendo wa wastani, na usiwe mrefu kupita safari ya watumishi kutoka mlangoni hadi altareni isipokuwa kama maandamano yenyewe ni marefu. Wimbo wa kabla ya hubiri uwe mfupi. Nimeona mara nyingi wimbo wa beti sita ukiimbwa wote wakati mhubiri amekwisha simama na kufungua Biblia, akibaki kutazama dari.

Sadaka ni habari nyingine, na kwa mazingira yetu inastahili kufikiriwa kuliko inavyofikiriwa. Hapa watu hawapitishiwi kikapu wakiwa wamekaa. Wanatoka benchi kwa benchi kwenda mbele, pengine mara mbili au tatu kwa sadaka za aina tofauti, wakiwa na bahasha mkononi, na wakati wa mavuno wakiwa na trei la mayai, kuku, dumu la maziwa au mkungu wa ndizi ambao baadaye utauzwa kwa mnada nje ya kanisa. Mtu mwenye mkungu wa ndizi begani hawezi kushika kitabu. Kwa hiyo wimbo wa sadaka sharti uwe na kiitikio kifupi kinachoimbika bila kitabu huku mtu anatembea, na beti ziongozwe na kwaya au na mwimbishaji mmoja. Hapa ndipo pambio, yaani wimbo mfupi wa kurudiwarudiwa, lina heshima yake yote, na wale wanaolibeza kwamba si wimbo wa kanisa hawajajaribu kusoma ubeti wa nne wakiwa kwenye foleni. Andaa nyimbo mbili au tatu za aina hiyo, kwa sababu foleni ya Jumapili ya mwisho wa mwezi haifanani na ya katikati ya mwezi, na wimbo ulioisha huku nusu ya watu hawajafika mbele huleta ukimya wa aibu ambao mpiga kinanda hulazimika kuuziba kwa chochote kinachomjia.

Wakati wa Meza ya Bwana pia watu wanatembea, lakini kwa moyo wa namna nyingine. Nyimbo ziwe tulivu, zenye maneno machache yanayorudiwa, na kati ya wimbo mmoja na mwingine kuwe na nafasi ya kukaa kimya. Usiogope kimya hicho. Kwaya zetu zina tabia ya kuona kila dakika isiyo na sauti kama kosa lao.

Kwa Wakatoliki kuna sehemu ambazo mwalimu wa kwaya hana ruhusa ya kuzibadili apendavyo. Bwana utuhurumie, Utukufu, Mtakatifu na Mwanakondoo ni maneno ya Misa yenyewe, kwa hiyo anachochagua mwalimu ni muziki wake tu, na hairuhusiwi kuweka mahali pake wimbo mwingine unaofanana kwa maana. Wimbo wa katikati nao ni zaburi inayojibu somo la kwanza, hivyo hauondolewi ili kwaya iimbe kitu chake. Mtunzi wa kwaya anayetaka kuonyesha kipaji chake ana nafasi ya kutosha wakati wa matoleo na baada ya Komunyo.

Sauti za waumini

Nyimbo nyingi hushindikana kwa sababu zimeanzishwa juu mno, na watu hudhani hawaupendi wimbo wakati kinachowashinda ni koo. Mkusanyiko wa kawaida wa watu wasiofanya mazoezi huimba vizuri kuanzia C ya kati hadi D ya juu yake, yaani oktavo moja na kidogo. Sasa chukua wimbo unaofika do ya juu, na kitabu kinasema do, yaani nota ya msingi ya wimbo, ni F. Soprano wa kwaya ataifikia F hiyo akitabasamu. Waumini watafanya mojawapo ya mambo mawili: watashuka oktavo moja katikati ya mstari, au watanyamaza hadi mstari huo upite. Ushushe wimbo huo do iwe D, au hata C kwa ibada ya kwanza ya saa moja asubuhi, wakati sauti bado zimelala na baridi ya mlimani, hasa Juni na Julai, imekaba koo. Angalia pia upande wa chini, kwa maana so ya chini wakati do ni C tayari ni nzito kwa wanawake wengi. Mpiga kinanda atasema kinanda chake kina kitufe cha kuhamisha sauti, na ni kweli, ila sharti aambiwe kabla ya Jumapili na si kwa ishara ya mkono ubeti wa kwanza ukiwa umeshaanza.

Njia rahisi ya kujua kama wimbo unaimbika ni kuuimba bila chombo chochote na watu watatu wasio wanakwaya, mmoja wao akiwa mzee. Wakiweza kukufuata kwenye ubeti wa pili, wimbo unafaa. Wakishindwa, tafuta wanapokwama. Mara nyingi utakuta ni mruko mkubwa wa sauti, au ni mstari wenye silabi nyingi zilizobanwa kwenye nota chache, au ni mkazo uliowekwa mahali ambapo Kiswahili hakiuweki, kiasi kwamba neno linasikika kama limetamkwa na mgeni. Tunzi mpya nyingi za kwaya zetu zina kasoro hii ya mwisho, kwa sababu mtunzi alianza na sauti tamu ya gitaa, kisha akapachika maneno.

Wimbo mpya kwa ibada ni mmoja tu, na hata huo usije kwa kushtukiza. Kwaya iuimbe wiki ya kwanza kama wimbo wake, watu wausikie. Wiki ya pili mwimbishaji awafundishe kiitikio kabla ya ibada kuanza, mstari kwa mstari, bila hotuba ndefu. Wiki ya tatu uingie kwenye utaratibu, na urudiwe wiki ya nne ili usisahaulike. Mpango huo unakwenda polepole, lakini kwa mwaka unawapa waumini nyimbo karibu kumi mpya ambazo kweli wanazijua, na hakuna usharika ninaoujua uliowahi kufanikiwa kujifunza zaidi ya hapo bila watu kuanza kunung'unika.

Kuhusu beti, usiseme tu kwamba tutaimba beti tatu kwa sababu ya muda. Kuna nyimbo ambazo beti zake husimulia, na ukiishia ya tatu umemwacha Yesu kaburini. Kuna nyingine ambazo ubeti wa mwisho ndio sifa kwa Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Soma zote, kisha andika beti zipi, kwa mfano ya 1, 2 na 5.

Maneno ya wimbo

Siku hizi nyimbo nyingi huingia kanisani kutoka redioni na kwenye simu. Vijana huusikia wimbo wa Injili ndani ya daladala kati ya Moshi na Arusha, wiki ijayo wanaufanyia mazoezi, na wiki inayofuata uko mbele ya altare. Sioni ubaya katika njia hiyo yenyewe, ila wimbo wa studio umetengenezwa kwa ajili ya msikilizaji wa mtu mmoja na mwimbaji wa mtu mmoja. Mara nyingi kinachofaa kuchukuliwa ni kiitikio tu, maana beti zimejaa kupamba sauti kwa namna ambayo watu mia tatu hawawezi kuifuata kwa pamoja.

Kabla ya kuuruhusu, andika maneno yake yote kwenye karatasi na uyasome bila muziki, kama unavyosoma barua. Muziki husamehe mengi ambayo karatasi haisamehi. Uliza wimbo unasema nini kuhusu Mungu. Ukikuta kwamba Mungu anatajwa kama mtoaji wa gari, nyumba na viza peke yake, au kwamba beti zote tatu ni habari za maadui zangu, majirani zangu na wanaonisema vibaya, basi wimbo huo ubaki kwenye simu. Nitajibiwa kwamba hata Zaburi zina maadui, na ni kweli, lakini mwandishi wa Zaburi huwapeleka maadui zake kwa Mungu na kuendelea na ibada, wakati nyimbo hizi mara nyingi hukaa hapo hapo na adui, na kila anayeimba anamtazama mtu fulani wa benchi la tatu. Uliza pia kama wimbo unaweza kuimbwa na mtu aliyefiwa wiki hiyo, na mtu ambaye ombi lake halijajibiwa, kwa sababu watu hao wapo kanisani kila Jumapili.

Mwalimu asiyejiamini katika mambo ya imani ampelekee mchungaji karatasi hiyo. Na kama kwaya inakusudia kuurekodi au kuutangaza wimbo wa mtu mwingine, itafute ruhusa ya mtunzi kwanza, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikuacha kanisa nje.

Mahadhi ya nyumbani na vyombo

Kaskazini yetu ina urithi wa aina mbili unaovutana, na mchaguaji mwenye busara huutumia wote. Kuna nyimbo na matarumbeta vilivyokuja na wamishonari Wajerumani wa Leipzig, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, na bendi za matarumbeta za sharika zetu bado ndizo zinazotikisa asubuhi ya Pasaka. Na kuna mahadhi yaliyokuwepo hapa kabla yao. Mtu akikuambia kwamba mahadhi ya Kiafrika hayana adabu ya altare, mpeleke Makumira, pale njia ya kwenda Arusha, ambapo mmishonari Mmarekani Howard Olson, aliyefundisha theolojia hapo kwa miaka mingi, alikusanya nyimbo za mahadhi ya Kiafrika pamoja na wanafunzi wake na kuzichapisha. Wimbo wa Pasaka wa Bernard Kyamanywa, Mfurahini, Haleluya, wenye mahadhi ya Kihaya, leo uko katika vitabu vya nyimbo vya Walutheri wa Ujerumani na Marekani, na wimbo wa Roho Mtakatifu wa Wilson Niwagila, Njoo kwetu, Roho mwema, nao umevuka bahari. Ni kichekesho kidogo kwamba Mlutheri wa Marekani anaweza kuwa anaimba mahadhi ya Kihaya siku ya Pasaka wakati sisi tunaimba Kijerumani kilichotafsiriwa. Kwa Wakatoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kusema mwaka 1963, katika hati yake kuhusu liturjia, kwamba muziki wa asili wa watu katika nchi za misheni upewe heshima na nafasi inayostahili katika ibada.

Tahadhari ni moja. Kabla ya kuchukua mahadhi ya Kichaga, Kimeru au Kimaasai na kuyatilia maneno ya Injili, waulize wazee wimbo wa asili ulikuwa wa nini. Kama kila mwenye miaka sitini akiyasikia anakumbuka kilabu cha mbege, pombe ya ndizi, maneno yako matakatifu hayatasikika. Na kama ni wimbo wa Kichaga, kumbuka kwamba Kimachame, Kivunjo na Kirombo havielewani vizuri, hivyo katika usharika wa mjini wimbo mmoja wa lugha ya nyumbani kwa wakati mmoja unatosha, tena uelezwe kwa sentensi moja kabla ya kuimbwa. Vijijini, kwenye ibada ambazo wazee ndio wengi, uwe huru zaidi.

Krismasi ina kanuni yake hapa. Mwisho wa Desemba makanisa ya mlimani hufurika watu waliopanda kutoka Dar es Salaam na kwingineko, pamoja na watoto ambao Kichaga hawakijui na wazazi ambao hawajaingia kanisani tangu mwaka jana. Huo si wakati wa kuonyesha wimbo mpya. Chagua nyimbo za Krismasi ambazo kila mtu alizijua akiwa na miaka kumi, ziimbwe beti zote, na kwaya ipunguze zake.

Kuhusu vyombo nitasema machache. Kinanda chenye midundo iliyorekodiwa ndani yake kina hatari ya kufanya kila wimbo ufanane na mwingine, na mpiga kinanda ambaye hawezi kucheza bila mdundo huo apewe muda wa kujifunza. Ngoma na kayamba vinasaidia waumini kuliko gitaa la solo, kwa sababu vinashika mwendo bila kushindana na maneno. Spika ziwekwe kwa kiasi ambacho mtu wa benchi la nyuma anaweza kumsikia jirani yake akiimba, kwani asipomsikia ataacha kuimba. Tena kwa kuwa umeme hukatika bila kuaga, walau nyimbo tatu za kila ibada ziwe ambazo zinaweza kuendelea bila kinanda na bila mtu yeyote kushtuka.

Kwaya nyingi katika ibada moja

Usharika wenye Kwaya Kuu, kwaya ya vijana, kwaya ya uinjilisti na kwaya ya akina mama una baraka, na una tatizo la hesabu. Kila kwaya ikiimba wimbo mmoja wa dakika sita, na kutoka na kurudi kwenye nafasi zao kukachukua dakika moja, nusu saa imekwisha kabla ya waumini kufungua midomo. Ugomvi hutokea kwa sababu kila kwaya inaona kuimba kila Jumapili ni haki yake. Dawa yake ni ratiba ya miezi mitatu inayopangwa na walimu wote wakiwa wameketi pamoja na mchungaji, ikionyesha kwaya ipi ina Jumapili ipi na katika nafasi gani. Kwaya inayoimba baada ya somo ilete wimbo unaohusiana na somo hilo, na isipokuwa nao ikae. Kwaya ambayo haina zamu iketi katikati ya waumini, si mahali pake pa kawaida, iongoze kwa sauti zake kutoka huko. Utashangaa jinsi kanisa linavyoimba siku soprano kumi wanapotawanyika kwenye mabenchi.

Mazishi na harusi

Msiba hauna wiki ya maandalizi. Ibada hufanyika nyumbani au kanisani, kisha maziko kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, na hapo kuna sehemu ambayo waongozaji wengi huisahau: wakati kaburi linafukiwa. Kazi hiyo huchukua muda, koleo zikipokezanwa, na uimbaji hautakiwi kukoma. Weka tayari nyimbo za tumaini ambazo watu wanazijua kwa kichwa, zenye kiitikio, zinazoanzishwa na sauti ya mtu bila kinanda. Waombolezaji huwa ni wa makanisa mbalimbali, wengine wamelelewa na Tenzi za Rohoni, wengine na Nyimbo za Kristo za Waadventista, wengine na kitabu cha KKKT, na wimbo ule ule mara nyingi una maneno tofauti katika vitabu hivyo. Mwongozaji ataje mstari wa kwanza wa kila ubeti kabla haujaimbwa, na watu wote watamfuata.

Katika harusi, maharusi huja na orodha yao kutoka kwenye simu. Wasikilize, wape nafasi ya wimbo mmoja wanaoupenda ikiwa maneno yake ni ya imani, na nyimbo za mapenzi matupu uwaelekeze wazipeleke ukumbini, ambako MC atazipokea kwa mikono miwili.

Karatasi ya wiki

Yote hayo yaishie kwenye karatasi moja inayokuwa tayari Jumatano. Kwa kila wimbo iandikwe nafasi yake katika ibada, kitabu na namba, beti zitakazoimbwa, do ni ipi, nani anaanzisha, na kama kuna chombo au hakuna. Nakala zimfikie mchungaji, mwinjilisti anayeongoza liturgia, mpiga kinanda, mwalimu wa kwaya yenye zamu, na kijana wa projekta kama ipo, kwa maana huyo ndiye anayesahaulika na ndiye anayeonyesha ubeti usioimbwa. Baada ya ibada, andika pembeni wimbo upi uliimbwa na watu na upi uliimbwa na kwaya peke yake ingawa haukukusudiwa hivyo, kisha itie karatasi kwenye faili. Ukikaa kupanga mwezi unaofuata, faili hilo litakuonyesha wimbo uliorudiwa kila wiki na ule ambao haujaguswa tangu mwaka jana.

Chini ya karatasi iandikwe pia nyimbo mbili za akiba, moja ya toba na moja ya sifa, kwa ajili ya siku ambayo mhubiri atabadili somo asubuhi ile ile, au askofu atafika bila taarifa, au sadaka itakuwa ndefu kuliko ulivyokadiria. Mpiga kinanda awe amezijaribu nyimbo hizo Jumamosi kama zile nyingine.